Moto wa nyayoni na jeni iitwayo POLG

Mama yangu mdogo alikuwa akilala na beseni la maji chini ya kitanda. Usiku wa manane ungesikia maji yakivurugwa: ameamka, ametumbukiza miguu, anasubiri moto upoe. Alisema ni kama amekanyaga makaa, ilhali ukizishika nyayo zake zilikuwa za baridi. Hata shuka likimgusa vidole alishtuka. Hiyo ilikuwa Tanga, miaka ile dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilipoanza kutolewa bure kwenye kliniki za CTC, na yeye alikuwa miongoni mwa waliowahi kuzipata. Dawa zilimnyanyua. Mtu tuliyekuwa tukimbeba kwenda msalani alirudi kukaa kibarazani kusuka ukili. Kisha, baada ya kama mwaka na nusu, ukaja moto wa nyayoni, mashavu yakabonyea, mishipa ya mikono na miguu ikatokeza kama kamba. Majirani wakasema ugonjwa umerudi.

Haukuwa umerudi. Virusi vilikuwa vimelala kabisa. Kilichokuwa kikimtesa ni dawa moja kati ya tatu zilizokuwa ndani ya kidonge chake, stavudini, na ilimtesa kwa kumkwamisha mfanyakazi mmoja tu ndani ya seli zake. Mfanyakazi huyo ni protini inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo POLG. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za watoto wa Norway na Finland wanaoshikwa na degedege zisizokoma na ini likafa, watoto ambao hawajawahi kuonja ARV, na chanzo cha mateso yao ni jeni ileile. Tangu siku hiyo nimetamani kuieleza kwa Kiswahili, kwa sababu ni jeni inayochanganya watu, na moja ya mkanganyiko huo humwangukia mama mzazi bila haki.

Tuanze na mahali penyewe. Ndani ya karibu kila seli ya mwili, ukiacha chembe nyekundu za damu zilizokomaa, kuna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Humo ndimo chakula kinapogeuzwa kuwa nguvu inayotumika. Ugali ulioula mchana umeshavunjwa kuwa sukari, sukari ikavunjwa tena, na mwishowe kinachobaki ni elektroni zinazopokezanwa kwenye mnyororo wa mashine zilizopandwa katika utando wa ndani wa mitokondria. Kila elektroni zikipita, mashine zile husukuma protoni kwenda upande mmoja wa utando. Protoni hujazana pale kama maji nyuma ya ukuta wa bwawa la Kidatu, na kama ilivyo Kidatu, huachiwa kupita mahali pamoja tu: kwenye mashine ya mwisho, ambayo huzunguka kweli, kama tabo, yaani gurudumu linalozungushwa na maji kufua umeme, na katika kuzunguka kwake hufua ATP, ile sarafu ya nguvu ambayo kila kazi ya seli hulipiwa. Mwingereza Peter Mitchell alipolitoa wazo hili mwaka 1961 wengi walilikataa. Mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake. ATP haiwekwi akiba. Hutengenezwa na kutumika papo hapo, na kwa siku nzima mtu mzima hufua na kutumia ATP yenye uzito unaokaribia uzito wa mwili wake mwenyewe.

Sasa hapa ndipo panapoanza utata. Mitokondria zina DNA yao wenyewe, yaani maandishi ya urithi, mbali na ile kubwa iliyomo kwenye kiini cha seli. Ni kiduara kidogo sana. DNA ya kiini ina herufi kama bilioni 3. Kiduara hiki kina herufi 16,569 tu, na wanasayansi wa Cambridge waliisoma yote na kuichapisha mwaka 1981. Ndani yake mna jeni 37, na kati ya hizo ni 13 tu zinazotoa protini. Kumi na tatu ni kidogo, lakini zote bila kubakisha hata moja ni vipuri vya mnyororo ule na tabo ile. Protini nyingine zote zinazohitajika mle ndani, na ni zaidi ya elfu moja, huagizwa kutoka jeni za kiini na kusafirishwa kuingia.

Kwa hiyo mitokondria ni kama nyumba yenye mafundi wawili: mmoja anaishi ndani, mwingine anatoka nje. Yeyote kati yao akiharibu, umeme hukatika. Ugonjwa wa mitokondria unaweza kutokana na hitilafu kwenye kiduara cha ndani, au kwenye jeni ya kiini inayoleta vipuri, au, na huu ndio mkasa wa POLG, kwenye jeni ya kiini ambayo kazi yake ni kukitunza kiduara chenyewe.

Viduara hivyo huwa vingi, mamia hadi maelfu katika seli moja, na havidumu. Mitokondria huzeeka, huvunjwa na kuundwa upya hata katika seli zisizogawanyika tena, kama zile za ubongo. Hivyo DNA yao haina budi kunakiliwa maisha yote, usiku na mchana. Na katika mwili wa binadamu mnakili wake mkuu ni mmoja: kimeng'enya ambacho moyo wake ni protini ya POLG. Jeni yenyewe imo kwenye kromosomu ya 15. Watafiti wawili wa Marekani, Ropp na Copeland, ndio walioitenga na kuieleza mwaka 1996.

Kule Siyu, kisiwani Pate, palikuwa na wanakili waliosifika kwa kuandika misahafu kwa mkono, herufi kwa herufi, kurasa kwa kurasa. Ninapoifikiria POLG humwona mnakili wa aina hiyo, mkono mmoja umeshika kalamu na mwingine umeshika kisu cha kukwangulia kosa. Na huu si ushairi mtupu. Protini hii ina asidi amino 1,239, yaani vipande vidogo vinavyounganishwa kuijenga, na umbo lake lina sehemu mbili zilizotengana: upande mmoja huandika herufi mpya, upande wa pili hurudi nyuma na kuing'oa herufi iliyowekwa kimakosa. Haifanyi kazi peke yake. Ina wenza wawili wanaofanana, waliotokana na jeni ya POLG2, ambao huishika barabara juu ya DNA isiteleze. Mbele yake hutangulia protini nyingine iitwayo Twinkle, ikifungua nyuzi mbili za DNA zilizosokotana kama mtu anayefumua ukili.

Nini kinatokea kisu kikiwa butu? Mwaka 2004 watafiti wa Sweden, na mwaka uliofuata wenzao wa Marekani, walitangaza panya waliobadilishwa ili POLG yao iandike vizuri lakini isiweze kusahihisha. Panya hao walizaliwa wakiwa wazima. Walipofika umri ambao panya wa kawaida yuko katika ujana wake, manyoya yalianza kupukutika na kupata mvi, mgongo ukapinda, mifupa ikawa myepesi, moyo ukapanuka, wakafa mapema. Makosa yaliyolundikana kwenye DNA ya mitokondria yaliwazeesha. Picha za panya wale, mmoja mzee aliyekunjamana kando ya ndugu yake mzima wa umri uleule, sijawahi kuzisahau.

Rudi sasa kwa mama mdogo. Stavudini, kama zidovudini iliyoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 1987 na nyingine za ukoo wake, ni herufi ya bandia. Inafanana mno na herufi T ya DNA. Virusi vya Ukimwi vinapojinakili huiokota vikidhani ni T halisi, na hapo ndipo vinapokwama, kwa sababu herufi hii haina mahali pa kufungia ile inayofuata. Ni behewa lililounganishwa vizuri mbele lakini nyuma halina kulabu: treni inaishia hapo. Hila hiyo ndiyo iliyookoa watu.

Wanakili wa DNA ya kiini hawahadaiki kirahisi na herufi hiyo ya bandia. POLG huhadaika. Huiokota, huiweka, na kiduara kile hakikamiliki. Kisu chake hujaribu kuing'oa, lakini hufanya hivyo polepole mno. Siku moja si kitu, wiki si kitu. Miezi kumi na minane ya vidonge viwili kwa siku ni habari nyingine. Viduara hupungua katika seli za mafuta, nazo hufa, ndipo mashavu hubonyea na mapaja hukonda. Hupungua katika mishipa ya fahamu, na mishipa mirefu kuliko yote ni ile inayotoka mgongoni hadi vidole vya miguu. Ncha zake, zilizo mbali kabisa na kiini cha seli, ndizo hulia kwanza. Baadhi ya wagonjwa walipatwa na jambo baya zaidi. Mnyororo wa nguvu ulipolegea, seli zilikimbilia kuunguza sukari bila oksijeni, asidi ya laktiki ikajaa kwenye damu, mtu akaanza kutapika na kuhema mbiombio, na wengine walifariki.

Ni kweli kwamba virusi vya Ukimwi vyenyewe navyo huumiza mishipa ya fahamu, na si kila moto wa nyayoni ulitokana na dawa. Lakini si zote za ukoo ule zilizomhadaa mnakili kwa kiwango kimoja. Zalsitabini, didanosini na stavudini zilikuwa kali kwake. Zidovudini ilikuwa afadhali. Lamivudini na tenofoviri humgusa kwa nadra sana. Mwishoni mwa mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane na stavudini hatua kwa hatua. Leo kliniki nyingi zetu hutoa TLD, yaani tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri.

Je, walikosea waliotupa stavudini? Nimelifikiria sana swali hili na jibu langu ni hapana. Ilikuwa rahisi, iliunganishwa na nyingine mbili katika kidonge kimoja, na haikuhitaji kupimwa wingi wa damu mara kwa mara kama zidovudini, ambayo huweza kuleta upungufu wa damu. Katika zahanati isiyo na maabara hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Kinachoniuma ni kwamba mama mdogo hakuelezwa. Alijinyanyapaa kwa mashavu yale, akijifunika kanga hadi puani, akiamini uso wake unamtangaza kwa kila apitaye, na hakuna aliyemwambia kwamba ni dawa, kwamba ina jina, na kwamba inaweza kubadilishwa. Ilipobadilishwa, moto ulipungua. Mashavu hayakurudi.

Dunia ilikuwa imeshaonywa kuhusu POLG kabla ya hapo. Mwaka 1993 huko Marekani, katika Taasisi za Taifa za Afya, watu 15 wenye homa ya ini aina ya B walipewa dawa mpya ya majaribio iitwayo fialuridini, nayo ni herufi ya bandia. Wiki za mwanzo zilikuwa za matumaini. Kisha maini yakaanza kushindwa hata baada ya dawa kusimamishwa. Saba walipata madhara makubwa ya ini. Watano walikufa, na wawili walinusurika kwa kupandikizwa ini jipya. Herufi ile ilikuwa imeandikwa na POLG ndani ya DNA ya mitokondria, na ilipokwisha kuingia haikutoka. Tangu mkasa huo, swali la nini dawa inaifanyia mitokondria huulizwa mapema zaidi kwa dawa za jamii hii.

Hadi hapa tumemwona mnakili mzima anayehadaiwa. Sasa mfikirie mnakili aliyezaliwa na dosari.

Mwaka 2001 watafiti wa Antwerp, Ubelgiji, walionyesha kwa mara ya kwanza kwamba mabadiliko kwenye POLG husababisha ugonjwa wa kurithi. Wagonjwa wao walikuwa na kope zilizolegea hadi kufunika macho, na macho yenyewe yaliacha taratibu kugeuka, hivyo mtu akitaka kutazama pembeni hugeuza shingo nzima. Miaka mitatu baadaye, 2004, ikabainika kwamba jeni hiyohiyo ndiyo inayosababisha ugonjwa wa Alpers, ambao daktari Bernard Alpers wa Marekani alikuwa ameueleza tangu 1931. Huu ni wa kutisha zaidi. Mtoto huzaliwa mzima, hutambaa, husimama, huanza maneno. Kisha siku moja, mara nyingi baada ya homa ya kawaida, hushikwa na degedege. Dawa haziishiki. Maneno aliyojifunza yanapotea, kutembea kunapotea, kuona kunapotea, na ini linaanza kufeli.

Kati ya kope za mtu wa miaka hamsini na degedege za mtoto wa miaka miwili kuna aina nyingine tele: kuyumba wakati wa kutembea kwa kijana, ganzi ya miguu, kifafa kinachoanza shuleni, misuli inayochoka upesi. Jeni ni moja. Mabadiliko yanayojulikana ndani yake yamepita mia kadhaa. Ndugu wawili wa tumbo moja wenye mabadiliko yaleyale wanaweza kuugua kwa umri tofauti na kwa namna tofauti. Hili huwachanganya hata madaktari, na si ajabu, kwa sababu kinachoamua si kosa lenyewe tu bali ni viduara vingapi vimepotea, katika kiungo gani, na kiungo hicho kina njaa kiasi gani. Ubongo ni asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu yake. Mnakili akichelewa kidogo, ubongo hujua kabla ya mguu.

Badiliko lililo maarufu kuliko yote huandikwa A467T. Maana yake ni kwamba katika nafasi ya 467 ya protini, asidi amino iitwayo alanini imeondoka na pahali pake imekaa threonini. Kitu kimoja kati ya 1,239. Lakini nafasi hiyo ni muhimu: mnakili hupoteza sehemu kubwa sana ya kasi yake na hashikani vema na wale wenza wake wawili. Jingine ni W748S, ambalo nchini Finland hubebwa na karibu mtu 1 katika kila 125. Wabebaji hao hawaumwi. Wengi huishi na kuzeeka bila kujua wanalo.

Na hapo tumefika kwenye ule mkanganyiko nilioutaja mwanzoni. Watu wakisikia "mitokondria", waliosoma kidogo hukumbuka jambo moja: mitokondria hutoka kwa mama. Ni kweli. Mitokondria za mbegu ya baba haziendelezwi ndani ya yai, hivyo kiduara cha herufi 16,569 ulichonacho umekipata kwa mama yako, naye kwa mama yake, hadi kwa bibi wa mabibi. Basi mtoto akiambiwa ana ugonjwa wa mitokondria, hitimisho huwa jepesi: umetoka kwa mama, ukoo wa mama una kasoro. Nimesikia maneno hayo yakisemwa mbele ya mwanamke aliyempakata mtoto mgonjwa, yakisemwa na wifi zake, kwa sauti ya mtu anayejua sayansi.

Kwa POLG maneno hayo ni uongo. Jeni hii haimo ndani ya kiduara. Imo kwenye kromosomu ya 15, ndani ya kiini, na kila mtu ana nakala mbili zake: moja ya baba, moja ya mama. Katika aina nyingi za ugonjwa huu, pamoja na Alpers, mtoto huugua pale tu anapopata nakala yenye dosari kutoka kwa wazazi wote wawili. Nakala moja nzima inatosha kumlinda, ndiyo maana baba na mama wenyewe ni wazima. Wazazi wa namna hiyo wakipata mimba, kila mara kuna nafasi 1 katika 4 kwamba mtoto ataugua, na nafasi hiyo haipungui kwa sababu wa kwanza aliugua wala haiongezeki kwa sababu wa kwanza alikuwa mzima. Baba amechangia nusu kamili.

Zipo familia chache ambazo nakala moja mbovu hutosha kuleta ugonjwa, hasa ule wa kope na macho. Badiliko liitwalo Y955C, lililopatikana na wale wa Antwerp, ni la aina hiyo. Hapo mnakili mbovu anakikalia kiti na kumzuia mzima. Ugonjwa hupita kutoka kizazi hadi kizazi, nusu kwa nusu, na unaweza kutoka kwa baba kama unavyoweza kutoka kwa mama.

Kwetu pwani, na kwa ndugu zetu wa Oman, ndoa za watoto wa ami, wa mjomba na wa shangazi ni za kawaida na zina heshima yake. Sisemi ziachwe. Nasema tu kwamba watu wenye babu na bibi mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba dosari moja iliyojificha, iwe ya POLG au ya jeni nyingine yoyote ya aina hii, na familia ambayo tayari imepoteza mtoto kwa degedege na ini ina sababu ya kumwambia daktari kwamba wazazi ni ndugu. Hilo si la kulionea aibu, ni taarifa ya tiba.

Mkanganyiko huu una sura nyingine pia. Uingereza iliruhusu kwa sheria mwaka 2015 njia ambayo kiini cha yai la mama huhamishiwa kwenye yai la mwanamke mwingine mwenye mitokondria nzima, na mwaka 2025 madaktari wa Newcastle walitangaza kuzaliwa kwa watoto wanane kwa njia hiyo. Magazeti huwaita watoto wa wazazi watatu. Watu wakaniuliza kama hilo ni suluhisho la Alpers. Haliwezi kuwa. Njia hiyo hubadilisha kiduara na kuacha kiini kilekile, na POLG imo kwenye kiini. Utakuwa umemletea mnakili yuleyule mbovu kitabu kipya akinakili.

Jambo la mwisho ndilo ninaloliona la haraka kuliko yote, kwa sababu linaweza kutokea katika hospitali yoyote. Miongoni mwa dawa za kifafa zinazotumika sana ni valproeti, ambayo wengi huijua kwa jina la Epilim. Ni dawa nzuri. Imewatuliza watu wengi, na kama wewe au mtoto wako anaitumia na anaendelea vizuri, usiiache ghafla kwa sababu ya makala hii; kuacha dawa ya kifafa kwa ghafla kwenyewe kunaweza kuua. Lakini kwa mtu mwenye dosari ya POLG, valproeti huweza kuua ini, na mara nyingi hilo hutokea ndani ya wiki au miezi michache ya kwanza. Imepigwa marufuku kwa wagonjwa wanaojulikana kuwa na dosari hiyo, na kwa watoto wa chini ya miaka 2 wanaoshukiwa kuwa nayo. Msiba wake ni kwamba ugonjwa wenyewe huanza kwa degedege, na degedege ndiyo inayomfanya daktari aifikirie dawa hiyo.

Kwetu, degedege pamoja na homa kwa kawaida ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na hizo ndizo za kutibiwa kwanza, bila kuchelewa. POLG ni adimu. Inafaa kufikiriwa pale mambo yanapoungana: degedege zisizosikia dawa mbili tatu, mkono mmoja au upande mmoja wa uso unaotetemeka kwa saa au siku bila kukoma, mtoto mkubwa anayesema anaona taa za rangi zikimetameta upande mmoja na kutapika kwa maumivu ya kichwa, mtoto anayepoteza alichokwisha kujifunza, vipimo vya ini vinavyopanda, au ndugu wa tumbo moja aliyefariki hivyo hivyo. Kipimo chake hakimo kwenye maabara ya wilaya, lakini sampuli yake ni ya kawaida: damu. Kwa kuwa jeni imo kwenye kiini cha kila seli yenye kiini, chembe nyeupe za damu zinatosha kuisoma, hata kama upungufu wa viduara wenyewe uko kwenye ini au ubongo tu na damu haionyeshi chochote. Kipande cha misuli kikichukuliwa kinaweza kuonekana kizima kabisa kwa mtoto mgonjwa, na familia ikarudishwa nyumbani ikiambiwa mitokondria hazina shida.

Dawa ya kuponya haipo. Degedege hutulizwa kwa dawa nyingine, lishe hutunzwa, homa hudhibitiwa mapema. Mwaka 2025, watafiti wa Gothenburg, Sweden, na wenzao walitangaza molekuli ndogo waliyoiita PZL-A. Hujipachika pale mnakili anaposhikana na mwenza wake, mahali ambapo karibu mabadiliko yote yanayoleta ugonjwa hayapagusi, na kumrudishia kazi mnakili mwenye dosari kama A467T. Katika seli za wagonjwa zilizokuzwa maabara, unakili uliongezeka. Matokeo hayo ni ya maabara, si ya kitanda cha hospitali, lakini ni mara ya kwanza ninaposoma kuhusu jeni hii na kukuta mtu amemsaidia mnakili mwenyewe badala ya kumwondolea tu wanaomhadaa.

Kwa familia ambayo tayari ina jibu, au ina shaka ya kweli, kuna kitu cha kufanya leo. Usiku wa degedege hakuna anayekumbuka. Anayepokea mgonjwa saa nane za usiku ni daktari mwingine kabisa, na aliyempakata mtoto huenda ni bibi. Chukueni kadi ya kliniki, au daftari kama mnatumia daftari, mwandike juu ya jalada kwa kalamu nyekundu: ASIPEWE VALPROETI. Chini yake andikeni jina la dawa kama lilivyo kwenye boksi lake, na neno POLG. Nakala ya pili iwe kwenye simu ya kila mtu mzima anayelala nyumba hiyo.